Umebadili prosesa, feni zinazunguka, kioo cheusi: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo

Taa ya mbele imewaka, feni zinazunguka, hadidiski inasikika ikijigeuza, lakini kioo hakileti kitu. Nusu saa iliyopita kompyuta hiyohiyo ilikuwa inafanya kazi na prosesa yake ya zamani. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwama hapo.

Nafanyia kazi Mwanga, hapa Kigoma mjini, na mashine za namna hii hufika mezani kwangu zikiwa zimeshahukumiwa: "Fundi, madabodi imeungua." Mara nyingi hiyo madabodi, bodi kuu ya kompyuta, haijaungua. Kilichotokea ni kwamba mtu aliweka prosesa mpya, picha haikuja, akabadili RAM, haikuja, akaazima pawa sapulai, akachomoa hiki na kuchomeka kile, mpaka mashine iliyokuwa na tatizo moja ikawa na matatu. Kwetu kosa hilo lina gharama yake. Prosesa nyingi tunaagiza Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kurudisha kitu ambacho hakikuwa kibovu ni kulipia mzigo mara mbili na kukaa bila mashine.

Kwa hiyo sheria ya kazi hii nzima ni moja: badili kitu kimoja, jaribu, andika ulichokiona, ndipo uende kinachofuata.

## Andaa hivi kwanza

- Prosesa ya zamani. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote vilivyo hapa chini. Kama umeshaiuza, nenda ukaiazime kwa uliyemuuzia.
- Bisibisi ya nyota.
- Simu yenye kamera nzuri na tochi.
- Pesti mpya ya prosesa, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, yaani chuma cha kuipoza kinachokaa juu yake. Dawa ya meno na grisi ya baiskeli hazifai: ya kwanza hukauka na kupasuka, ya pili huyeyuka kwa joto na kushuka kwenye soketi, mahali prosesa inapokaa kwenye madabodi.
- Spiriti ya duka la dawa na kipande cha fulana ya pamba iliyochakaa.
- Betri mpya ya saa, ile bapa yenye namba CR2032.
- Waya wa pili wa kioo, na kama unaweza kupata, kioo cha pili au televisheni yenye HDMI.
- Sindano ya kushonea, au penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5 iliyotolewa risasi yake.
- Daftari.

Mita ya umeme ikiwepo itakusaidia, ila unaweza kumaliza hatua nyingi bila kuwa nayo. UPS, betri ya akiba ya umeme, ni lazima kama utafika kwenye kusasisha BIOS, ile programu ya madabodi inayoamsha mashine kabla ya Windows. Nitarudia hilo mbele.

Fanyia kazi juu ya meza ya mbao iliyofutwa vumbi, usifanyie juu ya zulia wala blanketi. Kila unapotaka kugusa ndani, kwanza chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde thelathini ili umeme uliobaki uishe, halafu gusa chuma cha kasha. Kati ya Juni na Septemba, hewa inapokuwa kavu, mwili hubeba umeme tuli zaidi, na cheche usiyoihisi inatosha kuua chipu.

## Hatua ya 1: Hakikisha kama ni mashine au ni kioo

Washa kompyuta na uiache dakika tano kamili bila kuigusa. Baadhi ya madabodi, zikikuta prosesa ngeni, hujizima na kujiwasha zenyewe mara mbili au tatu zikipima RAM. Mashine mpya zinazotumia RAM ya DDR5 zinaweza kukaa dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi mara ya kwanza. Wako watu wanaokata umeme katikati ya kipimo hicho, wakirudia kila mara, na wanaamini mashine imekufa.

Dakika hizo zikipita, bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine imeamka na tatizo lako liko upande wa picha tu. Usifungue prosesa. Fanya haya:

Angalia waya wa kioo umechomekwa wapi. Kama kuna kadi ya picha, waya uende kwenye kadi, si kwenye tundu la madabodi. Badili waya. Ingia kwenye vitufe vya kioo chenyewe uchague mlango sahihi, kwa sababu kioo kilichobaki kwenye VGA hakitaonesha kitu kinachokuja kwa HDMI. Na kama unatumia kigeuzi, kumbuka vingi hufanya kazi upande mmoja: kinachotoa DisplayPort kwenda VGA hakitageuza VGA kwenda DisplayPort.

Taa ya Caps Lock isipobadilika, andika kwenye daftari mashine inafanya nini hasa. Je, inabaki imewaka bila picha? Inajizima baada ya sekunde chache? Inajiwasha na kujizima bila kukoma? Inapiga milio, au taa ya mbele inamweka rangi ya chungwa? Hesabu milio na mimweko hiyo, kisha itafute kwenye kitabu cha modeli yako, maana kila kampuni ina lugha yake. Usikubali jibu la jumla la mtu asiyejua modeli.

## Hatua ya 2: Je, prosesa mpya inaweza kutoa picha?

Hili ndilo linalowaangusha wengi, na halihitaji hata bisibisi. Kompyuta nyingi za ofisi tunazonunua zilizotumika hazina kadi ya picha. Picha inatoka ndani ya prosesa. Ukiweka prosesa isiyo na sehemu ya picha, kila kitu kitazunguka na kioo kitabaki cheusi, na hakuna kilichoharibika.

Soma namba iliyoandikwa juu ya prosesa, kisha linganisha:

Intel Core zenye herufi F mwishoni, kama i5-9400F au i3-10100F, hazina picha. Za zamani zenye P, kama i5-3350P, vilevile.

Xeon E3 za Intel zinapendwa kwa sababu ni nafuu na zina nguvu kama i7. Angalia tarakimu ya mwisho. E3-1230, 1240 na 1270 hazina picha. E3-1225, 1245 na 1275 zinayo. Zile za v5 na v6 zina mtego mwingine: zinaingia kwenye soketi 1151, lakini madabodi za kawaida za soketi hiyo hazizikubali.

AMD Ryzen za soketi AM4 ni rahisi kukumbuka. Ikiwa na G, kama 3200G au 5600G, ina picha. Bila G, kama 1600, 2600, 3600 au 5600, haina.

Kama yako imeangukia upande usio na picha, azima kadi yoyote ya picha inayofanya kazi, hata ya zamani, uichomeke, na uhamishie waya wa kioo kwenye kadi. Picha ikija, umemaliza. Sasa unajua unachohitaji ni kadi, na prosesa yako ni nzima.

## Hatua ya 3: Waya mdogo wa umeme, kisha RAM

Karibu na prosesa kuna tundu la nyaya nne au nane, limeandikwa kitu kama CPU_PWR au ATX12V. Ni tofauti na lile kubwa la nyaya 24. Umeme wa prosesa unapita hapo peke yake. Wakati wa kubadili prosesa watu huuchomoa ili wapate nafasi ya mkono, kisha wanausahau au wanaurudisha nusu. Dalili yake ni hiyohiyo: feni zinazunguka, kioo cheusi. Uchomoe, uurudishe mpaka usikie ndoana yake ikilia. Ukiwa na mita, waya wa manjano kwenye pawa sapulai ya kawaida, mashine ikiwa imewaka, utoe kati ya volti 11.4 na 12.6.

Halafu RAM. Sababu ya kuigusa RAM wakati tulibadili prosesa ni kwamba, kwenye mashine za miaka hii, kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa. Prosesa isipokaa sawa, RAM ndiyo inayoonekana kuwa mbovu.

Toa RAM zote. Futa meno yake kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha yakauke. Rudisha moja tu kwenye nafasi ambayo kitabu cha madabodi kinasema ianze. Washa. Ikikataa, hamisha RAM hiyohiyo kwenye nafasi inayofuata. Ikikataa kote, weka nyingine.

Ukiona picha inakuja kwa nafasi mbili na kukataa kwa nafasi mbili nyingine, usifurahi ukafunga kasha. Hiyo ni dalili kubwa ya pini iliyopinda kwenye soketi. Nenda moja kwa moja hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Ifanye BIOS isahau prosesa ya zamani

BIOS huhifadhi mipangilio ya prosesa na RAM iliyokuwepo. Mara nyingine mipangilio hiyo inakinzana na prosesa mpya na mashine inaganda kabla ya kutoa picha.

Chomoa umeme ukutani. Toa ile betri bapa kwa kucha au kwa kitu cha plastiki. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde thelathini. Subiri dakika kumi. Weka betri mpya, maandishi yakiwa juu. Betri mpya hutoa volti 3 na kidogo. Mimi ikishuka chini ya 2.7 siirudishi tena. Kama madabodi ina jampa, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili, iliyoandikwa CLR_CMOS au CLRTC, fuata kitabu chake, na hakikisha umeirudisha jampa mahali pake kabla ya kuwasha.

Mafanikio hapa yana sura ya ajabu kidogo: kioo kinawaka na kulalamika kwamba saa si sahihi au prosesa imebadilishwa, na kinakutaka ubonyeze F1. Hayo ni malalamiko mazuri. Ingia, weka tarehe, hifadhi, toka.

Kwenye mashine za AMD unaweza kuulizwa kuhusu fTPM, sehemu inayotunza funguo za usalama, ubonyeze Y au N. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli yake ya mafaili, na huna ule ufunguo mrefu wa kurejesha, bonyeza N. Ukibonyeza Y bila ufunguo, mashine itaamka lakini mafaili yako yatabaki yamefungwa.

## Hatua ya 5: Toa prosesa na uzikague pini

Hapa ndipo pa kutulia. Zima simu za watu wanaokuharakisha.

Kabla ya kuinua hitisinki, iwashe mashine dakika chache ili pesti ipate joto na kulainika, kisha uchomoe umeme. Zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuivuta juu. Kwa prosesa za AMD za soketi AM4 hili ni la lazima, kwa sababu pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka hung'oa prosesa pamoja na hitisinki wakati kishikio bado kimefungwa. Limenitokea. Nilivuta mara moja kwa nguvu, nikasikia mlio mdogo, na nilipogeuza hitisinki nikakuta prosesa ya mteja imening'inia chini yake na safu nzima ya pini za pembeni imeinama. Nilikaa nayo mpaka usiku nikizinyoosha moja moja kwa wembe butu. Ilipona, lakini sijavuta tena hitisinki ya baridi.

Kwa Intel, tangu zamani za soketi 775, pini ziko ndani ya soketi ya madabodi, nyembamba sana, na zimelala zikielekea upande mmoja. Namba ya soketi ndiyo idadi yake: soketi 1155 ina pini 1,155. Moja ikigusana na jirani yake inatosha kuzuia picha.

Fungua kishikio, inua prosesa wima kwa kushika kingo zake mbili, iweke chali. Usiguse soketi kwa kidole, wala usipulize kwa mdomo, maana mate madogo usiyoyaona yanatua kwenye pini. Shika tochi ya simu pembeni, iwe chini, mwanga ulale juu ya pini. Kwa simu nyingine piga picha kutoka juu, kisha ikuze.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea kompyuta ya ofisi yao kutoka Ujiji kwa bodaboda, imefungwa kwenye kitenge. Nilimwamkia, akaitikia, akasema bila hata kukaa, "Fundi, niambie tu ukweli. Hii ndiyo basi?" Alikuwa ameshaambiwa anunue madabodi nyingine. Tulifungua pamoja. Nilipolaza tochi, mistari ya pini iling'aa yote kwa pamoja, ikienda sawasawa kama mistari ya mahindi iliyopandwa kwa kamba. Isipokuwa kwenye kona moja, palikuwa na doa jeusi dogo kama nukta ya kalamu. Tukakuza picha. Pini moja ilikuwa imelazwa upande wa pili, kichwa chake kimelala juu ya pini ya jirani. Nilimpa mwalimu tochi aishike, nikaingiza ncha ya sindano chini ya ile pini na kuiinua kidogo, nikaacha, nikaangalia, nikainua tena. Ilichukua kama dakika ishirini. Tuliporudisha prosesa, kioo kikaleta nembo ya mashine, na mwalimu akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu afike.

Ukikuta pini ya namna hiyo, fuata utaratibu huohuo. Sukuma kidogo kuelekea mahali ilipotoka, simama, piga picha, linganisha na jirani zake. Chuma hiki hakivumilii kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Ikikatika, soketi imekwisha, isipokuwa kwa bahati iwe mojawapo ya pini za umeme au za ardhi ambazo ziko nyingi. Kwa AMD, tumia penseli iliyotolewa risasi: ivishe pini, inyooshe, kisha pitisha kadi ya plastiki kati ya safu kuona kama zimesimama mstari mmoja.

Mikono yako ikitetemeka, iache kwa leo. Pini haitaharibika zaidi kwa kulala.

Kagua pia chini ya prosesa. Tone la pesti kwenye vile vidoa vya dhahabu lifute kwa spiriti na uache likauke kabisa.

## Hatua ya 6: Rudisha prosesa ya zamani

Nimewaona mafundi wazuri wakiiruka hatua hii kwa sababu inaonekana ni kurudi nyuma. Kwangu ndiyo inayoamua kila kitu. Rudisha prosesa ya zamani, RAM moja, hitisinki, hakuna kingine. Washa.

Ikileta picha, madabodi, soketi, RAM na pawa sapulai vyote ni vizima. Umebaki na maswali mawili tu: je, madabodi hii inaikubali prosesa mpya, na je, prosesa mpya yenyewe ni nzima? Nenda hatua ya 7. Usinunue kitu kingine chochote.

Isipoleta picha, kitu kiliharibika au kilisogea wakati wa kubadili. Rudia kukagua pini. Halafu toa madabodi nje ya kasha, iweke juu ya boksi kavu la karatasi, na uiwashe ikiwa na prosesa, hitisinki, RAM moja na umeme peke yake. Nimewahi kukuta skrubu moja iliyodondoka chini ya madabodi ikigusisha sehemu mbili. Nje ya kasha ikawaka mara ya kwanza. Ikikataa hata juu ya boksi, na pini zote ziko sawa, jaribu pawa sapulai nyingine. Ikikataa tena, hapo sasa una haki ya kusema madabodi imekufa.

## Hatua ya 7: Je, madabodi inaikubali?

Prosesa kuingia kwenye soketi haina maana kwamba itafanya kazi. Hili liandike kwa herufi kubwa kwenye daftari lako.

Mfano wa kwanza tunaokutana nao sana ni soketi 1155. Inabeba kizazi cha pili cha Intel, kama i5-2400, na cha tatu, kama i5-3470 au i7-3770. Lakini Dell OptiPlex 790 na HP 8200 Elite zilitengenezwa kwa kizazi cha pili, na i7-3770 ndani yake itakupa kioo cheusi. OptiPlex 7010 na HP 8300 Elite, zenye chipseti (chipu kuu ya madabodi) ya Q77, zinabeba vizazi vyote viwili. Kwa nje mashine hizi zinafanana kama mapacha, kwa hiyo soma namba ya modeli, usitazame umbo.

Wa pili ni soketi 1151. Kizazi cha 6 na cha 7 vinatumia madabodi za namba za mia moja na mia mbili, kama H110 na B250. Kizazi cha 8 na cha 9 vinatumia za mia tatu, kama H310 na B360. Prosesa ya i5-8400 inaingia kwenye H110 bila kulalamika, inafungwa, na haiwaki. Hakuna BIOS rasmi itakayolitibu hilo.

Kwa hiyo tafuta jina kamili la madabodi, lililochapwa katikati ya nafasi za kadi au karibu na RAM. Kama ni mashine ya ofisi, tafuta modeli ya kompyuta. Fungua tovuti ya mtengenezaji, nenda kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na usome vitu vitatu: namba ya prosesa yako ipo, toleo la BIOS linalotakiwa, na wati. Wati zina maana hasa kwenye yale makasha madogo ya mezani. Kasha lililopangwa kwa prosesa ya wati 65 halitapoza i7-2600 ya wati 95, ingawa i7-2600S ya wati 65 linaweza kuibeba.

Namba isipokuwepo, rudisha prosesa kwa aliyekuuzia huku ukiwa na jina la modeli mkononi. Mazungumzo yatakuwa mafupi.

### Kusasisha BIOS

Namba ikiwepo lakini toleo lako la BIOS ni la nyuma, sasisha ukiwa umeweka prosesa ya zamani, kwa sababu mashine inahitaji prosesa inayoijua ili iweze kujisasisha. Hii ni sababu nyingine ya kutoiuza mapema. Baadhi ya madabodi mpya zina kitufe cha kusasisha kwa flashi bila prosesa yoyote, ila usilitegemee hilo mpaka ulione kwenye kitabu chako.

Pakua faili la modeli yako hiyohiyo, si linalofanana. Ukisoma maelezo ukakuta unatakiwa kupitia toleo la kati kwanza, lipitie. Panga flashi kwa mfumo wa FAT32, weka faili, ingia BIOS, fuata chaguo la kusasisha.

Onyo: umeme ukikatika katikati ya dakika hizo chache, chipu ya BIOS hubaki na maandishi nusu na madabodi haiamki tena bila kuandikwa upya kwa kifaa maalumu. Sifanyi kazi hii bila UPS yenye chaji, au inveta ya sola iliyojaa, na siifanyi jioni mtaa mzima unapowasha pasi na majiko. Kama huna, ibebe mashine umpelekee mwenye nayo. Subira ya siku moja ni nafuu.

## Hatua ya 8: Funga prosesa mpya kama ndiyo mara ya kwanza

Safisha pesti ya zamani kwenye prosesa na hitisinki mpaka ung'ao uonekane. Linganisha ile pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa na alama ya soketi. Ishushe wima, ikae kwa uzito wake. Ikikataa kukaa, inua utazame tena, usisukume. Kishikio cha Intel kinahitaji nguvu kidogo na hutoa mlio wa kukwaruza, hiyo ni kawaida. Prosesa yenyewe ndiyo isiyohitaji nguvu.

Weka tone la pesti la ukubwa wa punje ya choroko katikati. Kama hitisinki ni mpya, bandua ile karatasi ya plastiki chini yake. Kaza skrubu kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, ili uzito usilalie upande mmoja. Zile hitisinki za Intel zenye miguu minne ya kubonyeza zinasumbua: bonyeza miguu miwili inayotazamana kimshazari, kisha miwili iliyobaki, halafu vuta kila mmoja kwa vidole. Ukitoka, haukuwa umeingia. Mashine inayowaka na kujizima baada ya muda mfupi mara nyingi inasema hitisinki imening'inia. Rudisha waya wa feni kwenye tundu la CPU_FAN.

Washa, na uiache dakika tano kama mwanzo.

Picha ikija, ingia BIOS kwanza kabla ya Windows. Jina la prosesa mpya liwe limeandikwa sawasawa, RAM yote ihesabiwe, na joto la prosesa, mashine ikiwa imetulia hapo, libaki mahali pamoja badala ya kupanda kila unapotazama. Likipita nyuzi 70 ukiwa ndani ya BIOS tu, zima urudie hitisinki. Likitulia, ingia Windows, fungua kazi nzito unayoifanya kila siku, iendeshe saa nzima kasha likiwa wazi, na uangalie tena. Kisha funga kasha, na ile prosesa ya zamani uiweke kwenye boksi la ile mpya, na jina la mashine yake juu.